"Shangazi wa mume wangu anasema sina uchungu"

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mbena, nimezaliwa karibu na Ilembula, nimeolewa na Mnyakyusa na tunaishi Uyole, Mbeya. Mwezi wa tano babu yake mume wangu alifariki, tukaenda kuzika kule juu ya Tukuyu. Mwalimu, nilishtuka. Ng'ombe wanachinjwa, watu wanakula, ngoma inapigwa, wanaume wanacheza mbele ya nyumba yenye maiti. Nikawaza, hawa watu hawana huzuni. Mimi nilikaa mkekani kimya, nimejifunika kitenge, kama mama alivyonifundisha. Usiku nikamsikia shangazi wa mume wangu akisema jikoni, "Wabena moyo wao mgumu, mtazame, hata chozi hana." Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa shida. Desemba tunatakiwa kurudi kujengea kaburi. Na mwanangu wa miaka saba ananiuliza yeye ni Mbena au Mnyakyusa. Naomba unieleze, ni utamaduni ndio unaotufanya tuonane hivi? Na mtoto nimjibu nini?

Jibu:

Marahaba mwanangu. Kamwene. Poleni sana kwa msiba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pale pale. Wewe uliwaza, "hawa hawana huzuni." Shangazi akasema, "huyu hana huzuni." Neno ni lile lile. Mlikuwa kwenye mji mmoja, mnamlilia mzee mmoja, na kila mmoja wenu alimtazama mwenzake akatafuta alama za msiba alizofundishwa kwao. Hakuziona, akahitimisha kwamba huyu mwingine moyo wake haupo. Wote wawili mlikosea, lakini hakuna kati yenu aliyekosea kwa ubaya.

Kwanza ile ngoma. Katika miaka ya 1930 wanaanthropolojia wawili, yaani wataalamu wanaochunguza maisha na mila za watu, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, walikaa Unyakyusa muda mrefu, wakajifunza lugha na kuhudhuria misiba mingi. Nao mwanzoni walipata shida kama yako. Wanawake wanalia kwa sauti mpaka sauti inakauka, na hatua chache tu pembeni wanaume wanacheza na mikuki, vijana wanatazamana na wasichana, nyama inagawiwa. Wakauliza. Wakajibiwa kwamba kucheza kule, ukukina, ndiko kuomboleza kwenyewe: wanaume wanacheza kwa sababu mioyoni mwao kuna vita, uchungu na hofu vimewashika, na mwili unatafuta pa kuvipeleka.

Rudia kuisoma sentensi hiyo taratibu, kisha wakumbuke wale wanaume uliowaona. Huenda mmojawao alikuwa baba mkwe wako, anayemzika baba yake. Jasho lile ulilodhani ni la sherehe ndilo lilikuwa chozi lake.

Na wewe pale mkekani? Kimya chako kilikuwa na kazi yake. Mimi ni Mhehe, na nyumbani nilikokulia mtu mzima aliyefiwa alisifiwa kwa kujikaza. Bibi yangu aliposikia kifo cha mdogo wake alimaliza kuchambua maharage yaliyokuwa kwenye ungo, akaufunika ule ungo kwa kitambaa, akaingia ndani, akafunga mlango. Hatukusikia sauti yake mpaka asubuhi, na hakuna aliyesema bibi hana uchungu. Tulijua kwamba amezidiwa. Nadhani mama yako alikulea kwenye shule hiyo hiyo. Lakini shangazi wa mume wako hakusoma shule hiyo. Kwao kulikuwa na neno wazee waliloliheshimu sana, ukwangala, kukaa pamoja na wenzako kwa raha na adabu, kula pamoja, kuongea, kusikilizana. Zamani vijana wa Kinyakyusa wa miaka kama kumi walitoka nyumbani kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe wa rika moja, na kuanzia hapo mtu alipimwa kwa namna anavyokaa na wenzake. Mtu wa peke yake, asiyesema, alitiliwa mashaka. Vijiji vile vya rika havipo tena, lakini jicho lililozoea kumpima mtu hivyo halikufa na vijiji. Ndilo lililokuona wewe umejifunika kitenge.

Nikueleze kosa langu mwenyewe, maana nililifanya nikiwa nimesoma kuliko wewe na nikiwa na muda wa kutosha wa kuuliza. Nilipopangiwa kufundisha sekondari Rungwe nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Jioni moja napanda kilima, mbele yangu anatembea mama mmoja kijana na ndoo ya maji kichwani. Juu kwenye kona akatokea mzee, ana mwavuli na koti refu. Yule mama alipomwona aliacha njia ghafla, akaingia kwenye migomba, akachuchumaa na kugeuza mgongo, ndoo bado iko kichwani, maji yanamdondokea shingoni. Mzee akapita bila kugeuza macho. Alipokwisha kutokomea, mama akainuka, akajifuta shingo, akarudi njiani na kuendelea na safari yake kama hakuna kilichotokea.

Damu ilinichemka. Usiku ule nilimwandikia kaka yangu Iringa kwamba Wanyakyusa wanawatesa wake zao mpaka wanajificha vichakani. Nilikaa na hasira hiyo muhula mzima. Aliyenitoa ujingani ni mama mwenye nyumba niliyopanga. Alicheka kwanza, kisha akanieleza kwamba yule mzee ni baba mkwe, na mkwe wa kike haonani naye ana kwa ana. Zamani hata jina lake halitaji, wala maneno yanayofanana na jina hilo, ikabidi wanawake watumie maneno mengine badala yake. Usemi huo wa wakwe una jina lake, ingamwana. Nikamuuliza, mbona anayehangaika ni mwanamke peke yake? Akasema, "Mwalimu, na mzee naye ulimwona anavyokaza macho mbele? Naye anamwogopa." Wote wawili walikuwa wanailinda heshima ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeona nusu ya jambo na kulipa jina zima.

Sisemi kwamba mwiko ule ulikuwa mwepesi kwa wanawake. Haukuwa mwepesi, na familia nyingi za Rungwe na Kyela leo zimeuacha au zimeulegeza, na mimi nafurahi. Nasema hukumu niliyoiandika kwenye barua ile haikutoka kwenye kitu nilichokiona. Ilitoka Uhehe, nilikuja nayo begani.

Basi hapo ndipo utamaduni unapofanya kazi kubwa kuliko zote. Watu wakisikia utamaduni wanafikiria mgolole, ngoma, chakula, mahari. Hivyo ni vya nje. Utamaduni wa ndani ni namna tulivyofunzwa kusoma watu kabla hatujajua kusoma herufi: sauti ya juu maana yake nini, kimya maana yake nini, kumtazama mkubwa machoni ni ukweli au ni ufedhuli, mgeni akikataa chakula ameshiba au ametudharau. Haya hatukufundishwa kwa maneno. Tuliyanyonya, na kwa sababu tuliyanyonya hatuyaoni kuwa ni ya kwetu, tunayaona kuwa ni ubinadamu wenyewe. Kwa hiyo tukikutana na mtu anayesoma vingine hatusemi "ana alfabeti nyingine." Tunasema ana moyo mgumu, ana kelele, anaringa, mchoyo.

Na tazama jinsi jambo lilivyoruka. Shangazi hakusema "huyu mkwe wetu ni mkimya." Alisema "Wabena." Wewe hukuwaza "huyu baba anaomboleza kwa namna yake." Uliwaza "hawa watu." Tabia ya mtu mmoja usiku mmoja ikageuka kuwa tabia ya kabila zima tangu kuumbwa. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tuna ghala zima la fikra mgando za namna hii. Mkinga anajua pesa tu. Mbena ni wa kutumwa kazi za ndani. Mnyakyusa anajiona. Sisi Wahehe tunakula mbwa, tuna hasira, tunajinyonga. Nimeyasikia haya kwenye basi, kwenye mikutano ya wasomi na madhabahuni, na nimeona binti wa Njombe mwenye cheti cha uhasibu akiulizwa mjini kama anatafuta kazi ya ndani. Hilo limeniuma mpaka leo.

Kuna mahali maneno hayo yana heshima yake. Mngoni akiniambia nakula mbwa, nitamjibu la kwake na tutagawana soda, kwa sababu Mngoni ni mtani wangu. Babu zetu walipigana vibaya kati ya 1878 na 1882, na utani ndio mkeka waliotandika juu ya damu ile. Mtani ana haki ya kunitukana na ana wajibu wa kunizika. Lakini wajibu ukiondolewa, yakabaki matusi matupu, anayasema afisa wa ajira au mama mkwe, huo si utani tena, hata kama watu wanacheka.

Usidhani pia kwamba tabia hii ni ya Waafrika na makabila yao. Karibu na mwaka 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland ambaye Wanazi walimwulia karibu familia yake yote, aliwakusanya wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Akawaonyesha picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, kisha akamwambia kila kijana kwa faragha yuko kundi gani, kana kwamba amegawanywa kwa picha alizozipenda. Ukweli ni kwamba aliwagawa ovyo tu. Halafu akampa kila mmoja nafasi ya kugawa fedha kidogo kwa wavulana wengine ambao hakuwajua kwa majina, alijua tu ni wa kundi lipi. Wakawapendelea wa kwao. Kilichonishangaza mimi ni hiki: mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu, ilimradi lile lingine lipate pungufu zaidi. Hawakuwa na lugha tofauti, wala mila, wala ugomvi wa mashamba. Jina la kundi peke yake lilitosha.

Sasa nije kwenye utambulisho, maana hapo ndipo mwanao anapouliza. Nikuulize wewe kwanza: ulipokuwa Ilembula ulijiita Mbena mara ngapi kwa mwaka? Naamini ulikuwa binti wa fulani, wa kitongoji fulani, wa kwaya fulani. Ubena wako uliamka ulipovuka kwenda kwa watu wengine. Ulipata uzito wote usiku ule, masikio yako yalipolishika lile neno jikoni. Fredrik Barth, mwanaanthropolojia wa Norway, aliandika mwaka 1969 kwamba tukitaka kulielewa kabila tuangalie mpaka wake, pale watu wanapokutana na kutofautishwa, kuliko vitu vilivyomo ndani yake. Miaka yangu yote ya kuishi kati ya Iringa na Mbeya inamuunga mkono.

Na mipaka yenyewe ni michanga kuliko tunavyoaminishwa. Chukua sisi Wahehe, tunaojivuna kuliko wote. Katikati ya karne ya 19 palikuwa na utemi mdogo mdogo mwingi kwenye nchi hii ya Iringa, kila mmoja na mtawala wake. Mmoja wa watawala hao, Munyigumba, akawapiga wenzake na kuwaunganisha, akafa 1879, mwanawe Mkwawa akaendeleza. Jina Wahehe tunaambiwa lilitoka kwenye ukelele wao wa vita. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo wakakivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Ngome ya Kalenga ikaanguka 1894, Mkwawa akajiua 1898 kuliko kukamatwa, fuvu lake likatajwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani na Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, likarudi Kalenga 1954. Leo mjukuu wa kitukuu wa mtu aliyepigwa na Munyigumba anasimama mbele ya fuvu lile na machozi yanamtoka kwa sababu ni "babu yetu." Machozi hayo ni ya kweli kabisa. Kilichowafanya wawe watu wamoja ni kushindwa pamoja, kupigana pamoja na kusimuliana.

Kwa Wanyakyusa ni vile vile. Jina hilo lilikuwa la watu wa upande mmoja tu, wa uzao wa Mwakyusa. Wajerumani waliwaita Wakonde. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakagawana nchi, mto Songwe ukawa mpaka. Walio ng'ambo, Karonga, wakabaki Wangonde wa Malawi ya leo, lugha karibu moja, ndizi zile zile, majina ya Mwa- yale yale. Kisha Gavana Donald Cameron akaleta utawala wa kupitia machifu kuanzia 1925, na kila mtu akatakiwa awe na kabila na kabila liwe na chifu na liandikwe daftarini. Walioandikwa pamoja wakazoea kuwa wamoja.

Sikwambii haya ili useme kabila ni uongo. Lugha yako si uongo. Mimi nikisikia Kibena nafuata karibu yote, kwa sababu Kibena na Kihehe ni ndugu wa damu, wakati Kinyakyusa kilinichukua miaka mitatu kabla sijathubutu kutania nacho. Nakwambia ili ujue kwamba kitu kilichojengwa na watu kina mlango, na mtoto wako amezaliwa mlangoni.

Kwa hiyo umjibu nini? Usimwambie "wewe ni Mtanzania tu" ukafunga mazungumzo. Najua nchi yetu ilifanya kazi kubwa kwa neno hilo. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kutuuliza kabila, na shule za bweni zilituchanganya mpaka tukaoana, wewe ni ushahidi. Lakini mtoto wa miaka saba hajakuuliza uraia wake. Anauliza watu wake ni kina nani, nawe unao wa kumwonyesha. Mwambie ukoo wake ni wa baba, hilo kila mtu atamwambia, na kwamba mama yake ni Mbena, na pote ni kwao. Kisha mfundishe asubuhi kumwamkia bibi wa Tukuyu kwa "ugonile" na bibi wa Ilembula kwa "kamwene." Mtoto anayebadili salamu kulingana na bibi aliye mbele yake amekwisha kujua kitu ambacho wewe na shangazi hamkukijua mwezi wa tano.

Jambo moja linanisumbua kwenye barua yako, nalo ni mume wako. Hukusema mahali popote alifanya nini siku ile. Yeye ndiye peke yake pale msibani aliyezijua pande zote mbili, na ilimpasa akunong'oneze ile ngoma ni nini, na amwambie shangazi yake kwamba kwenu kujifunika ni kulia. Muulize bila ugomvi, maana huenda hajawahi kuiona ngoma ile kuwa kitu kinachohitaji maelezo. Samaki wa Ziwa Nyasa hasemi maji.

Nisieleweke vibaya. Kuelewa si kukubali kila kitu. Kama kesho wataleta kwenye jina la mila jambo linalokudhuru mwili au linalomnyima mjane shamba lake, liulize kama unavyouliza sasa, na ukishalielewa likatae. Utamaduni unaeleza kwa nini mtu anafanya jambo, haumpi kibali cha kulifanya. Lakini ngoma na kimya si mambo ya namna hiyo, hapo hakuna aliyedhurika ila moyo.

Desemba nenda, na uende siku mbili kabla. Usikae mkekani na wageni, ingia jikoni na shangazi yule yule. Menya ndizi, na wewe mtu wa Ilembula utazimenya taratibu, watakucheka kidogo, waache wacheke. Mkiwa mmeshika visu wote wawili, mwambie: "Shangazi, mwezi wa tano nilimlilia babu kwa namna ya kwetu. Kwetu mwanamke aliyezidiwa hujifunika asionekane." Useme hivyo tu, usimtajie ulichokisikia. Halafu muulize wale wanaume walicheza kwa nini, na umwache aeleze kwa maneno yake, hata kama mimi nimekwisha kukueleza. Yeye anamjua mzee yule, mimi simjui. Muombe na wimbo mmoja wa kuombolezea, japo kiitikio.

Akikataa kuongea, usilazimishe, mpe muda mpaka siku ya kaburi. Akiongea, naomba uniandikie alichosema.